Kuchemsha maji hakuondoi chumvi

Ndugu, umeuliza kwa nini maji yako ya bomba yanabaki na ladha ya chumvi hata ukiyachemsha nusu saa. Punguza muda, usiongeze. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, na kwa hilo dakika 1 ya kutokota kwa nguvu inatosha (dakika 3 ukiishi juu ya mita 2,000, maana huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100). Chumvi, floraidi na madini ya risasi haviondoki na mvuke. Maji yanapungua, vyenyewe vinabaki, kwa hiyo unazidi kuvikoleza. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni chokaa, usikuhangaishe.

Kinachotoa chumvi ni mashine ya kuchuja kwa utando, ile ya RO. Chujio la mkaa linapunguza harufu ya klorini, chumvi halitoi, ingawa muuzaji anaweza kukuapia.

Halafu angalia unavyoyahifadhi. Mimi niliumwa tumbo kwa maji niliyoyachemsha vizuri kabisa, kumbe kila mtu nyumbani alikuwa anachovya kikombe, mkono na vyote, kwenye ndoo. Tafuta ndoo yenye mfuniko na koki.