Uliza Fundi wa Stika: Kabla Hujaongeza Presha

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mkato mbaya wa plota, ile mashine ya kukata stika kwa bledi, na karibu zote zina sentensi ileile katikati: "nimeongeza presha lakini wapi." Nimezipanga kuanzia ile iliyonigusa zaidi.

Shikamoo fundi. Bado mgeni katika kazi ya kukata stika. Mistari mirefu ya herufi inakatika vizuri, lakini pembe hazitoki. Nikibandua mabaki yanayozunguka herufi, ncha za A na M zinavutwa pamoja nayo. Nilianza na presha ya gramu 90, sasa niko 170. Karatasi ya nyuma inatoboka na pembe bado hazijakatika. Bledi ina wiki mbili tu. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa rudisha presha kwenye gramu 90, leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kisha isome tena barua yako mwenyewe: karatasi ya nyuma inatoboka na pembe bado hazijakatika. Kama shida ingekuwa presha ndogo, pembe zingekuwa zimekatika zamani, kwa sababu vinili, ile plastiki nyembamba ya stika, iko juu ya karatasi na bledi hufika kwenye vinili kwanza. Nguvu unayo ya kutosha na kubaki. Kinachokosekana ni bledi kugeuka.

Watu wengi hufanya kazi hii miaka bila kuambiwa jambo hili. Bledi ya plota haigeuzwi na mota yoyote. Imekaa kwenye beringi ndani ya holda, yaani kishikio chake, inazunguka yenyewe, na ncha yake haiko katikati ya mhimili. Imesogea pembeni kidogo, kwa bledi nyingi milimita 0.25. Angalia gurudumu dogo la kiti cha ofisini. Ukikisukuma kiti upande mwingine, gurudumu halikimbilii huko moja kwa moja. Hujizungusha kwanza, ndipo likafuata nyuma. Ncha ya bledi inafanya vivyo hivyo kila inapofika kwenye pembe ya herufi. Ule umbali wa milimita 0.25 ndio tunaouita ofseti, na mashine ikiujua hupitisha bledi kidogo mbele ya pembe, ikaizungusha kwa upinde mdogo, ndipo ikaanza mstari mpya.

Kwa hiyo pembe mbovu zina washukiwa wawili wakubwa: ofseti iliyoandikwa vibaya, na bledi iliyokwama. Nao hawafanani hata kidogo ukiwatazama kwa makini. Kata herufi moja yenye pembe nyingi, tuseme E, mara kumi. Kama pembe zote zina kasoro ileile, kila E sawa na mwenzake, ni ofseti. Namba ikiwa ndogo kuliko ofseti halisi, pembe zinaviringika. Ikiwa kubwa, zinaota masikio madogo yanayochomoza nje. Hakikisha pia haijawekwa mara mbili, kwenye mashine na kwenye programu, kwa sababu hapo kila mmoja atarekebisha kivyake na pembe zitaharibika zaidi. Chagua sehemu moja, kwingine weka sifuri.

Lakini kama E ya kwanza ni safi, ya pili ina mkia, ya tatu safi, ya nne imenyofoka, basi bledi inagoma kugeuka, na nina imani kubwa kwamba hapo ndipo ulipo. Izime mashine, toa holda, itoe bledi. Chukua lenzi ya mkononi, au simu yenye kamera inayosogelea karibu. Tazama shina la bledi pale linapoingia kwenye beringi. Juzi nimetoa kwenye holda yangu uzi wa vinili nyekundu mwembamba kuliko unywele, umejizungusha shinani mara mbili kama kamba ya mbuzi kwenye mti. Kwa macho matupu bledi ilionekana safi kabisa. Nilipoutoa kwa kibano na kupuliza ndani ya holda, pembe zilirudi palepale, kwa presha ileile ya asubuhi.

Ukisha kusafisha, weka tone moja tu la mafuta mepesi ya cherehani kwenye beringi na ufute yote yanayobaki nje. Mafuta mengi hukusanya vumbi. Irudishe bledi, kisha iguse ubavuni kwa kipande cha karatasi uizungushe: ilegee, ifuate bila kusita. Ikisita hata baada ya usafi, beringi imechoka, na holda hiyo ya kubadilisha.

Sasa urefu wa bledi, maana nina hofu uliitoa nje sana ulipokuwa unahangaika. Irudishe yote ndani. Shika holda kwa mkono kama kalamu, kata kipande cha vinili ileile unayotumia, ukikandamiza kwa nguvu ya kawaida. Toa bledi kidogo kidogo mpaka vinili ikatike na karatasi ya nyuma ibaki na mkwaruzo hafifu, ule unaouona ukiinamisha kwenye mwanga lakini huusikii kwa ukucha. Simama hapo. Vinili ya kawaida ina unene wa milimita 0.07 au 0.08 hivi; fikiria jinsi ncha inayohitajika ilivyo ndogo. Bledi inayochomoza milimita nzima inalima karatasi, na karatasi inamaliza makali haraka kuliko vinili.

Mwisho weka holda, kaza skrubu yake, anza na gramu 60 na uongeze kumi kumi. Kila hatua kata mraba mdogo wenye duara ndani. Bandua mraba: duara likibaki limelala pale pale bila kuinuka ukingo, na nyuma ya karatasi pakawa laini ukipitisha kidole, umefika. Vinili nyingi za kawaida hutulia kati ya gramu 80 na 120. Mashine yako ikionyesha namba za ngazi badala ya gramu, njia ni ileile.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu nilipita hapo hapo. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa herufi za ubavu wa gari, karibu mita sita. Pembe ziligoma, nikaongeza presha mara nne. Zilikatika. Kesho yake nikaanza kubandua mabaki na karatasi ya nyuma ikawa inachanika pamoja nayo vipande vipande, gundi imeingia kwenye mikato, herufi hazishikiki. Nilikata zote upya, usiku. Na mkanda mweupe chini ya bledi ukawa na mfereji ambao ulinisumbua miezi mingine kabla sijautambua, jambo linalonileta kwenye barua inayofuata.

Fundi, habari za kazi. Mashine yangu inakata vizuri kila mahali isipokuwa sehemu moja upande wa kulia. Hapo herufi hazikatiki sawasawa, siku zote. Nikiongeza presha hapo panakaa sawa ila kwingine panazidi. Ni bledi?

Nzuri, ndugu yangu. Si bledi, kwa sababu bledi ni hiyo hiyo moja inayokwenda kushoto na kulia. Lakini usiniamini, pima. Isogeze kazi ileile sentimita tatu kushoto na uikate tena. Kasoro ikibaki palepale kwenye mashine, ni ya mashine. Ikihama pamoja na herufi, ni ya faili lako.

Nikisoma ulivyoeleza, itabaki palepale. Ule mkanda mwembamba mweupe ambao bledi hupita juu yake huchimbika pale penye kazi nyingi, hasa kwa wanaokata na presha kubwa au waliowahi kuacha bledi ikate bila vinili chini. Bledi ikifika kwenye mfereji huo, vinili inabonyea chini badala ya kukatika. Pitisha ukucha pole pole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Utausikia mfereji kabla hujauona. Bandua mkanda, ondoa gundi ya zamani yote kwa spiriti, bandika mpya bila kuuvuta wala kuacha kiputo cha hewa. Usibandike mpya juu ya wa zamani wala usizibe mfereji kwa tepu, kwani utatengeneza kilima mahali palipokuwa na shimo.

Ukisha kubadilisha, anza tena kutafuta presha kutoka chini. Hiyo uliyoizoea ilikuwa ya mkanda mbovu.

Mwalimu, herufi O na namba 0 hazifungi. Mwanzo na mwisho wa mkato vinapishana kidogo, kama nywele. Nimebadilisha bledi mara mbili. Naomba msaada.

Dada yangu, usibadilishe ya tatu. Toa bledi, weka kalamu. Mashine nyingi huja na holda ya kalamu. Kama huna, tafuta bomba la kalamu linaloingia sawasawa. Weka ofseti sifuri, maana ncha ya kalamu iko katikati, kisha chora duara zilezile kwenye karatasi ya kawaida.

Kalamu ikifunga duara, mwili wa mashine ni mzima na shida iko kwenye bledi, ofseti yake au holda. Rudisha ofseti ya bledi na uthibitishe kwenye pakiti namba iliyoandikwa, kwa kuwa si zote ni 0.25. Kama programu yako inaruhusu kupitiliza mkato, iambie ipitilize nusu milimita baada ya kurudi mwanzo. Huo ni msaada wa halali kwa pengo dogo, ila haufichi ugonjwa mkubwa.

Kalamu nayo ikishindwa kufunga, acha kabisa habari za bledi. Shika holda kwa vidole viwili mashine ikiwa imezimwa, itikise. Ikicheza hata kidogo, kaza. Shika na behewa linalobeba holda, litikise pia; kisha bonyeza mkanda wake wa meno uone kama umelegea. Tazama kama rola zinazobana vinili zimekaa juu ya zile sehemu zenye mikwaruzo za rola ya chini. Rola moja ikikaa nje ya mikwaruzo, vinili huteleza kila mashine inapobadilisha mwelekeo, na duara ni kubadilisha mwelekeo mwanzo mpaka mwisho.

Nikukumbushe na jambo dogo. Kama duara lako halina tatizo la kufunga ila lina vipembe vipembe, huenda lilitengenezwa kwa kufuatisha picha yenye ukungu, likajaa nukta mamia. Mashine inatii kila nukta. Futa hilo, chora duara jipya.

Fundi, kazi fupi sina shida. Nikikata mita tatu au nne, mwishoni vinili inakuwa imekwenda upande na herufi zinakatwa ukingoni. Natengeneza vipi?

Kazi ndefu inahitaji vinili iliyolegea. Roli nzito ikivutwa na rola kila hatua inarudisha mvuto, upande mmoja kidogo kuliko mwingine, na kosa linajijumlisha. Ifungue roli kwa mkono urefu wote unaotaka kukata kabla hujabonyeza chochote, iache ining'inie bila kugusa vitu.

Panga ukingo wa vinili sambamba na alama za mashine, bana rola mbili za pembeni kwa umbali sawa kutoka ukingoni, sentimita mbili hivi. Kisha iambie mashine itembeze mita zote nne mbele na kuzirudisha, bila kukata. Simama uangalie ukingo. Ukiuona unakwenda upande, legeza, panga upya, tembeza tena. Nafanya hivi kila mara, hata nikiwa na haraka, na dakika tano hizo sijawahi kuzijutia.

Punguza spidi. Programu ikikupa chaguo, iambie imalize herufi moja kabla ya kwenda nyingine, ili vinili isitembezwe mbele na nyuma bila sababu. Na kama kazi inaweza kugawanywa mapande mawili, igawe.

Fundi, bledi moja inatakiwa kudumu muda gani? Na bledi zenye ncha ya nyuzi 45 na 60 zinatofautiana nini?

Sihesabu siku wala mita. Vinili inayoakisi mwanga ina chembe za kioo ndani na inaweza kuchosha bledi kwa kazi moja; vinili laini ya kawaida haina ukali huo. Natazama ukingo wa mkato. Ukiwa laini na unang'aa, bledi ni nzima. Ukianza kuwa na vinyweleo, kama kitambaa kilichochanwa, itoe uitazame kwa lenzi: ncha iliyovunjika huonekana butu, kama penseli iliyoanguka. Hiyo hairudishwi na presha yoyote.

Nyuzi 45 ni za kazi ya kila siku. Nyuzi 60 ni kwa vinili nene na kwa herufi ndogo ndogo, na huwa na ofseti tofauti mara nyingi. Kwa herufi chini ya sentimita moja mimi hupunguza na spidi pia, nikabandua mabaki siku hiyohiyo ya kukata. Ukiyaacha mpaka wiki ijayo, gundi itakuwa imeshikana tena kwenye mikato, na utadhani bledi ndiyo iliyoshindwa.