Re: Mama kawekewa stenti kichwani, kinena kimevimba

Pole ndugu. Mama ametibiwa mshipa wa kichwani kwa koili (nyaya laini za kuziba mshipa uliovimba) na stenti (kimrija cha wavu kinachobaki ndani ya mshipa), vilivyopitishwa kinenani, sasa kinena kimevimba, kichwa kinauma, na mnataka kumwachisha aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya michubuko.

Msimwachishe bila daktari wake! Damu ikiganda ndani ya stenti, ni kiharusi.

Anzeni na kinena. Baba yangu alikuwa na weusi hadi pajani, ukageuka manjano, ukaisha. Ila uvimbe ukikua au kudunda, mguu ukawa baridi, au mgongo ukauma huku amepauka, hospitali sasa hivi. Vilevile mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, au kichwa kikimpasua ghafla. Na aibuprofeni, ile dawa ya maumivu, msimpe bila kumuuliza daktari, inazidisha kutoka damu.