Kabla ya Rangi, Tafuta Mtu wa Kumchora

Vijana wanaokuja kwenye chumba changu cha kuchorea hapa Jinja, Uganda, huanza kwa kuuliza habari za rangi: wanunue za aina gani, turubai liwe la ukubwa gani, na brashi ngapi zinatosha kuanzia. Mimi huwauliza kama wana mtu wa kumchora. Nataka awe mtu mwenyewe, anayepumua, ambaye atakubali kukaa mbele yao Jumapili hii, na ijayo, na nyingine za mwezi unaofuata, kwa maana picha ya kwenye simu haiwezi kuishika nafasi yake. Wengi hawana mtu huyo. Hata mimi nilichora miaka sita bila kuwa naye.

Katika miaka hiyo niliishi kwa kuchora sura za marehemu. Familia huleta picha ndogo ya kitambulisho, nawe unatakiwa uikuze iweze kutundikwa sebuleni. Siidharau kazi hiyo, kwa sababu imenilipia kodi ya nyumba mara nyingi. Lakini picha ya kitambulisho hupigwa kwa mwanga wa mbele unaofuta vivuli vya pua na mashavu, na mtu anayejifunza uchoraji kwa picha za namna hiyo huzoea uso ulio bapa kama sahani, na mwili hatauelewa kabisa, kwani picha yenyewe inaishia mabegani.

Aliyenitoa huko ni shangazi yangu, fundi cherehani anayeshona magomesi, yale magauni marefu ya wanawake wa Uganda, barazani kwake. Siku moja nilimpelekea picha ya mama mmoja aliyevaa gomesi, kazi ya wiki tatu ambayo nilikuwa nikiionea fahari. Shangazi aliiweka miwani sawa, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, gauni umelipatia, lakini ndani hamna mtu." Akaivua tepu ya kupimia shingoni mwake, akanigeuza na kunipima mabega. Bega langu la kulia lilikuwa chini kwa upana wa kidole. Akaniambia kwamba tangu aanze kushona hajapata mteja mwenye mabega yaliyo sawa, na kwamba fundi asiyeliona hilo hushona nguo inayokaa upande.

Anayeijua gomesi ataelewa jinsi inavyoweza kumdanganya mchoraji. Ncha zake za mabegani husimama juu kuliko bega lenyewe, na mkanda wake mpana hufungwa chini ya kiuno, kwenye nyonga. Mimi nilikuwa nimekiweka kiuno pale penye mkanda, nikampa mama wa watu miguu mifupi ya mtoto. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kuchora nguo yoyote, uchore kwa mkaa, kwa mistari michache tu, mahali ambapo bega, kiwiko, nyonga na goti vipo chini yake. Mistari hiyo itafunikwa na rangi, lakini isipokuwapo, kasoro yake itaonekana.

Shangazi hakuweza kukaa bure ili achorwe, nami nilidhani hilo ni tatizo. Kumbe mtu anayefanya kazi hurudi palepale: huinama kusukuma kitambaa, huinuka kukata uzi, huegemea kutia uzi kwenye sindano, kisha huinama tena. Kwa hiyo nilizoea kuanza michoro mitatu kwenye karatasi moja, nikiuacha mmoja na kuurudia kila aliporejea katika mkao ule. Napendelea njia hii kuliko kumgandisha mtu kwenye kiti, maana aliyegandishwa huchoka baada ya dakika ishirini na uso wake huchoka naye.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya vilinipoteza. Vinashauri dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua halipiti upande huo. Sisi Jinja tuko karibu nusu digrii tu kutoka ikweta, na tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lile likaniingizia miale hadi kwenye turubai. Nje nako mchana hapafai, kwa sababu jua likiwa utosini macho ya mtu hugeuka mashimo mawili meusi. Baraza la shangazi linaelekea magharibi na liko kivulini asubuhi yote, nasi hufanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu.

Ngozi zetu usizichore kwa rangi nyeusi ya kopo. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikapata watu wa masizi. Changanya buluu nzito na kahawia ya udongo uliochomwa. Utapata weusi wenye uhai, unaoweza kuusogeza kuelekea joto au ubaridi. Tena, kwenye rangi za mafuta, kahawia hiyo hukauka upesi, wakati nyeusi huchelewa, na ukiweka rangi ya kukauka upesi juu ya inayochelewa, picha itapasuka baadaye. Asubuhi moja shangazi alikuwa akishona kitambaa cha manjano, na upande wa chini wa mkono wake ukashika umanjano ule kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Nilikuwa nimemchora mara tano na bado nilikuwa nikimpaka rangi moja pande zote.

Si lazima kila mtu apite njia hii. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, alichora maisha ya kijijini kwa kumbukumbu, na watu wake unawatambua kwa kazi wanazofanya kuliko kwa sura. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Lakini kumbukumbu ile ilitoka kwa mtu aliyeyaishi maisha hayo. Ya kwangu ilikuwa imejaa picha za vitambulisho.

Anayekaa achorwe umlipe. Shangazi hataki fedha, kwa hiyo humpelekea nyuzi na vifungo. Nawe pia ulipwe: hoteli moja ilichukua picha zangu nne kwa ahadi, na hadi leo sijaona shilingi. Siku hizi nachukua nusu kwanza.

Sasa niko kwenye picha yake ya kumi na moja. Mkono wa kushoto, ule unaotandaza kitambaa mbele ya sindano, nimeukwangua kwa kisu mara tatu, kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimenyooka kupita kiasi. Kumbe chake kilivunjika alipokuwa msichana, kikaunga vibaya. Nimekitazama Jumapili zote hizo, na mpaka aliponiambia mwenyewe sikuwa nimekiona.