Kilomita kwa lita: tumwamini nani?

SWALI: Niliagiza gari lililotumika kutoka Japani, injini ya lita 1.5. Karatasi zake zinasema kilomita 19.6 kwa lita kwa kipimo cha JC08, lakini nikienda Kisumu na kurudi sijawahi kupita 14. Waandishi wanaokagua magari wote wanalisifu kuwa halinywi mafuta. Wamehongwa? — *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Kabla hujamshuku mtu, tazama hiyo 19.6 ilikotoka. Katika JC08, kilichokuwa kipimo rasmi cha Japani, gari halitoki nje. Linaendeshwa juu ya rola maabarani kwa dakika 20 hivi, kama kilomita 8, kwa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa. Kasi ya juu kabisa ni 81.6. Kiyoyozi kimezimwa na mlima haupo. Wewe unaanzia Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, unapanda kupitia Salgaa hadi Mau Summit, kisha unateremkia Kisumu, mita 1,130 hivi. Wakati wa kurudi unaulipa mteremko wote. Gari lako ni zima.

Upendeleo nao upo, na huanzia kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2012 Hyundai na Kia zililazimika kushusha namba zilizotangaza Marekani, na mwaka 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kuchezea vipimo vya magari yake madogo nchini Japani. Kwa hiyo kila ukaguzi usome ukitafuta haya: zilijazwa lita ngapi, zikatembea kilomita ngapi, ilikuwa kwenda tu au na kurudi, kiyoyozi kiliwashwa? Asiyeyataja, namba yake iache. Anayesoma dashibodi pekee pia hatoshi, kwa sababu kompyuta ya gari hukadiria petroli kwa muda ambao nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini zimefunguka, na mara nyingi hulipendelea gari. Tena ukipima kutoka Kericho hadi Kisumu bila kurudi, hata lori litasifiwa.

Pima mwenyewe. Jaza tangi gari likiwa tambarare, pampu ikikata mara ya kwanza mhudumu aache hapo hapo. Wengi huharibu kipimo kwa kuongeza ili kufikisha shilingi kamili: lita 2 za ziada kwenye lita 30 ni kosa la karibu asilimia 7. Rudisha mita ya safari kwenye sufuri, tembea angalau kilomita 400 kwenda na kurudi, kisha jaza pampu ile ile, kwa namna ile ile. Kilomita 412 kwa lita 29.6 ni 13.9. Rudia mara tatu.

Angalia pia saizi ya tairi. Kama zilikuwa 175/70R14 na sasa ni 185/70R14, mzingo umeongezeka kwa asilimia 2.3: mita inaandika 400 ilhali umetembea 409. Hapo gari linasingiziwa.

SWALI: Jarida la Uingereza linalipa gari moja maili 47 kwa galoni, la Marekani maili 39. Nani anadanganya? — *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Hakuna. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni 3.785. Zidisha ya kwanza kwa 0.354 na ya pili kwa 0.425, zote zinakuja kilomita 16.6 kwa lita.

SWALI: Gari langu limeshuka kutoka kilomita 15 hadi 11 kwa lita. Fundi anataka kubadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi. — *Msomaji, Molo*

JIBU: Asianzie huko, sensa ni ghali. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ulinganishe na kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha endesha kilomita 10 ukigusa breki kidogo, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu. Iliyo moto kuliko mwenzake wa upande wa pili huenda kalipa yake, kifaa kinachobana breki, imenata na breki haiachii.

Kisha uliza kuhusu themostati, vali inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi. Mafundi wengi huing'oa kwa hofu ya injini kuchemka, na kwa baridi ya Molo hilo ni kosa kubwa: maji hayafikii joto lake, kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kumwaga petroli. Ukiona sindano ya joto haifiki katikati hata baada ya nusu saa ya safari, anza na hiyo. Haya yakiwa sawa, gari lisomwe kwa mashine, na sensa inunuliwe tu iwapo vipimo vyake vinaonyesha imekufa.