Ukihudumia Wazee, Nenda Ukawasemee Wilayani

Mashirika mengi madogo ya huduma hapa Uganda yanaogopa utetezi. Wakurugenzi wanadhani wakisema neno watanyang'anywa kibali. Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya mwaka 2016 inakataza kumpigia debe mgombea au chama. Haikatazi kuieleza wilaya kwamba wazee wa gombolola fulani, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, hawapati haki yao. Ila hakikisheni makubaliano yenu na wilaya yametiwa saini, maana sheria hiyohiyo inayadai, na asiyependa mnayosema ataanzia hapo.

Mimi nahudumia wazee upande wa Busia. Kilichonipeleka ofisi za wilaya ni SAGE, ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 80. Umri husomwa kwenye kitambulisho cha taifa. Kuna bibi tunayemtembelea, mjukuu wake wa kwanza ameshaota mvi, lakini kitambulisho kinamhesabia miaka 71. Alitutolea cheti cha ubatizo alichokiviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Wino umefifia, mwaka bado unasomeka. Tulimshughulikia. Kisha tukapitia daftari la matembezi na kukuta wenzake wenye shida ileile, kijiji baada ya kijiji. Inauma sana, kwa sababu wengine hawana muda wa kusubiri.

Kwa hiyo tunzeni daftari: jina, kijiji, kasoro, ushahidi uliopo. Mzee aombwe ruhusa kabla hajatajwa popote. Halafu mwonyesheni kwanza afisa maendeleo ya jamii wa gombolola. Akiyasikia mkutanoni mbele ya wakubwa wake, atajitetea badala ya kuwasaidia.

Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mikutano ya bajeti ya wilaya huwa Oktoba au Novemba kabla yake, na kufikia Aprili 1 bajeti ya taifa iko Bungeni. Ukienda Mei utaambiwa mwakani. Ombeni kitu kimoja chenye bei, mfano usafiri na posho ya maafisa wa uandikishaji waje gombololani kusahihisha umri.

Wazee waseme wenyewe. Nyinyi tafuteni gari, chai na mtu wa kutafsiri Kisamia. Ahadi ikitolewa, ombeni iingie kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha ombeni nakala kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki hiyo, na ofisi ina siku 21 za kujibu.