Kiota cha kigogota kwenye miombo ya Lindi: tafuta mti, usifukuze sauti

Mkuu, umeuliza kwa nini kila asubuhi unawasikia vigogota porini upande wa Nachingwea lakini kiota hukioni. Unafuata sauti isiyo yenyewe. Ile midundo ya kasi inayokatika ghafla ni ya kutangaza himaya, na mti anaoupigia mara nyingi siyo anaozalia. Yule mkubwa, mwenye uso mweupe wenye michirizi myeusi, huanza kwa kasi akamalizia kwa midundo ya polepole, na husikika mbali mno. Sauti ya kuchimba ni hafifu, haina haraka, hudumu mahali pamoja, na inazidi kufifia kadiri anavyozama ndani.

Nenda Agosti au Septemba, miombo ikiwa bado imepukutika. Majani mapya hutoka kabla ya mvua, na hapo tundu hulioni hata ukiwa chini yake.

Kagua miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, na matawi makavu kwenye miti mizima, hasa yenye uyoga mgumu ubavuni: hapo ndani mbao imelainika. Mpingo mbichi upite tu. Mikorosho mizee iangalie vizuri, kwa sababu vigogota wadogo hutoboa hata tawi jembamba lililokauka. Kwenye tawi lililoinama, chungulia upande wa chini, ndiko tundu linakokaa lisiingie mvua.

Halafu tazama ardhini. Vibanzi vyeupe vilivyotawanyika chini ya shina ni kazi mpya. Unga laini ni wa wadudu wa mbao, achana nao. Tundu jipya lina ukingo safi wenye rangi ya mbao. Ukingo wa kijivu ni tundu la zamani, na mengi utakayoyaona ni hayo. Wapangaji wake ni kwezi, nyuki, wakati mwingine koboko. Mkono usiingize kamwe.

Ukipata tundu la kutilia shaka, rudi nyuma mita 40 hivi, kaa kimya na darubini. Dume na jike hupokezana kuatamia, kwa hiyo saa nzima inaweza kupita bila kitu kutokea. Watu wengi hukata tamaa na kuondoka hapo. Usitegemee kuona chakula mdomoni pia: wale wanaokula sisimizi hukibeba tumboni na kuwacheulia makinda, hivyo hufika kama hawana kitu. Makinda yakikua kazi ni rahisi, yanapiga kelele mfululizo ndani ya shina. Kumwona mmoja akiingia jua linapozama siyo ushahidi, maana vigogota hulala tunduni hata kama hawana mayai.

Ukitaka kuhakikisha, funga kioo kidogo na tochi kwenye ufito, chungulia sekunde chache wazazi wakiwa nje. Mayai ni meupe, yamelala juu ya vibanzi bila majani wala manyoya. Lakini kama bado wanachimba, usisogee kabisa. Hatua hiyo ndiyo wanayosusa upesi.

Alama weka kwenye GPS ya simu. Ukichanja gome kwa panga unawaelekeza vijana wa manati. Msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), wa kijiji pitia kamati ya maliasili, na shamba la mikorosho muulize mwenyewe, umwombe pia lile tawi kavu asilipogoe hadi makinda yaruke.