Kwa wanaoanza kazi ya kawi safi Kenya: jifunzeni kuuliza "saa ngapi?"

Vijana wa mafunzo kazini wakifika ofisini, swali lao la kwanza huwa lile lile: Kenya imefikia asilimia ngapi ya kawi safi? Jibu si siri. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini kwa mwaka hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Jivunieni, kisha iwekeni takwimu hiyo kando, kwa sababu mkubwa wenu hatawauliza habari za mwaka. Atawauliza habari za leo usiku.

Anzeni kwa kutenganisha megawati na kilowati-saa. Megawati ni uwezo wa mtambo. Kilowati-saa ni kazi iliyofanyika. Kituo cha jua cha Garissa ni cha megawati 50. Mwaka una saa 8,760, lakini jua huzama, mawingu hupita, vumbi hutanda juu ya paneli, na mwisho wa mwaka umeme uliopatikana haufiki robo ya ule ambao megawati 50 zingetoa bila kupumzika. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 hupata fungu kubwa zaidi kwa kila megawati, maana upepo unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya hauna mchezo. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, nao haujui usiku wala kiangazi. Ndiyo maana Olkaria, iliyoanza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, leo ni uti wa mgongo wa gridi, yaani mtandao wa taifa wa umeme. Mtu akijumlisha megawati za jua na za mvuke kwa pumzi moja, mwacheni amalize, kisha mwulizeni kilowati-saa ziko wapi.

Sasa saa zenyewe. Wakenya huwasha taa, televisheni na birika kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, na kilele hicho siku hizi kinapita megawati 2,000. Wakati huo jua limeshaondoka. Saa nane usiku matumizi hushuka sana, na hapo ndipo upepo wa Turkana huwa umepamba moto. Tabia yake ni kuvuma usiku mpaka asubuhi na kulegea alasiri. Basi usiku wa manane gridi inashiba kupita kiasi. Mkataba wa upepo unataka malipo hata kama umeme haukuchukuliwa, kwa hiyo wanaopunguziwa ni Olkaria, na mvuke uliochimbwa kwa gharama kubwa huachiliwa uende hewani. Saa chache kabla ya hapo, jenereta za mafuta mazito za Mombasa zilikuwa zikinguruma. Usiku mmoja una upungufu na ziada, na asilimia 90 yenu haionyeshi hata kimoja.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote ya hesabu, chora mchoro wa saa 24 kwa mkono: matumizi juu, kila chanzo chini yake. Ukishauchora, utaelewa kwa nini viwanda vilipewa bei nafuu ya usiku kuanzia Desemba 2017, na kwa nini watu wanasubiri mabasi ya umeme yanayochajiwa usiku kwa hamu kuliko kituo kingine cha jua. Mimi ningeweka pesa kwenye betri na kwenye matumizi ya usiku kabla ya kuongeza paneli. Wenzangu wengine hawakubali, na mabishano hayo ni mazuri, msiyakimbie.

Usisahau nyaya. Mitambo ya Turkana ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kilovolti 400 hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mkandarasi wa kwanza alifilisika, wengine wakaletwa kumalizia, na umeme ukaingia kwenye gridi Septemba 2018. Katikati hapo mnunuzi alikuwa anadaiwa umeme ambao hakuna taa hata moja ilikuwa imeuona. Ukipewa mkataba wa kununua umeme usome, nenda moja kwa moja kwenye kifungu kinachosema nani anabeba hasara laini ikichelewa. Bei ya kilowati-saa utaisoma baadaye.

Ardhi pia. Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulikufa mwaka 2016 kwa upinzani wa wakazi, na pesa zilikuwa zimeshapatikana. Oktoba 2021, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa Turkana zilitolewa kinyume cha utaratibu, na huko mitambo ilikuwa inazunguka tayari. Mhandisi anayeona baraza la chifu ni kazi ya watu wa mahusiano anajitafutia balaa.

Mtasikia sana habari za usiku wa 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima. Kampuni ya umeme ilitaja kupotea kwa megawati 270 hivi za upepo. Wenye mitambo wakajibu kwamba wao walizimwa na msukosuko uliotoka kwenye gridi. Usikimbilie upande wowote. Jifunze kwanza jinsi gridi inavyolinda mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na omba ruhusa ukae zamu ya usiku na waongoza gridi pale Juja Road. Hawaongei sana wakiwa kazini, lakini chai ikifika utapata elimu ambayo chuo hakina.

Jambo la mwisho ni zoezi la kila mwezi. Soma gharama ya mafuta inayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi na kuongezwa kwenye bili ya kila mteja. Mwezi ambao imepanda, tafuta kwanza kina cha maji pale Masinga, bwawa la umeme wa maji, halafu uliza kama kuna mtambo wa Olkaria uliosimamishwa kwa matengenezo, kabla hujaandika neno lolote kuhusu dizeli.